Kisanduku Ambacho Hakikuwahi Kurudi

Wiki mbili baada ya ninyi wa karakana kuniaga kwa keki na kanga mbili, Kelvin mwenzenu alinipigia simu kuuliza ufunguo wa kabati la valvu, zile taa za kioo za vyombo vya zamani, uko wapi. Nilikuwa jikoni kwangu Kikwe, namenya ndizi. Nikapapasa mfuko wa koti la kazi, ambalo bado nalivaa kwa sababu lina mifuko mizuri, nikaukuta humo. Mimi nimestaafu, lakini ufunguo ulikuwa haujapata taarifa.

Nilipouleta mjini mlinikalisha kwenye stuli yangu ya zamani mkaanza maswali, hili linafanywaje, lile liliwekwa wapi, na nikaona kwamba ufunguo si kitu pekee nilichoondoka nacho. Kwa hiyo naandika. Sitaandika nilivyopanda cheo, maana karakana yetu ya Kaloleni ilikuwa na vyeo viwili tu, fundi na fundi mkuu, na tofauti yake ilikuwa nani analaumiwa. Nitaandika jinsi nilivyoingia, nani alinifundisha, na kile kisanduku cha bati kilichonipa jina. Najua mmeshakisikia. Kelvin amekisikia mpaka akawa ananimalizia sentensi. Nivumilieni mara hii moja, kwa sababu miaka yote nilikuwa nakisimulia vibaya.

Siku ya kwanza nilifika na cheti cha chuo cha ufundi nimekiweka kwenye mfuko wa plastiki kisiloane. Fundi mkuu alikuwa Mzee Zefania, mtu mfupi wa Nkoaranga, koti la kaki, penseli sikioni. Cheti hakukigusa. Alinisogezea redio ya mteja akasema, "Isikilize." Nikachukua bisibisi.

"Nimesema isikilize. Sijasema ifungue."

Nilikaa na redio hiyo mpaka saa sita. Ilikuwa inavuma chini kwa chini, na mvumo ulikuwa unaongezeka kadiri inavyopata joto. Nilipomweleza hivyo aliitikia kwa kichwa, akaniruhusu kufungua, na kapasita ya kusafisha umeme ilikuwa imevimba kama nilivyokuwa nimeanza kushuku. Akapita zake. Kwa Mzee Zefania, kupita mezani kwako bila kusimama ndiyo ilikuwa sifa, na mimi kwa muda mrefu sikulijua hilo, nikawa namngoja asimame.

Alikuwa na kanuni ambazo mnazifuata mpaka leo bila kujua zilitoka kwa nani. Ukipima chombo cha valvu kikiwa kinawaka, mkono wa kushoto unakaa mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Ukizima, ngoja, halafu ngoja tena, kwa sababu kapasita hubaki na umeme wake hata baada ya plagi kutoka. Na kila anayefungua chombo aandike kwa penseli ndani ya mfuniko: jina lake na alichogusa. Siyo kalamu, maana wino huyeyuka kwa joto. "Fundi atakayekuja baada yako siyo mganga," alikuwa anasema. "Usimpe kazi ya kupiga ramli." Nimefungua vyombo vilivyopitia mikono ya watu sita, nikasoma mfuniko kama nasoma kadi ya kliniki ya mtoto.

Mwenzangu wa meza ya pili alikuwa Lyimo, mtu wa Machame, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa mdomo. Alikuwa anaweza kulehemu na kusimulia mechi kwa wakati mmoja, na harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa inatuambia mechi imefika patamu. Nilimpenda sana na nilimtania sana. Kwa sehemu ya utani huo ananidai radhi, na nitafika huko.

Juu ya rafu, nyuma ya Mzee Zefania, kulikuwa na redio yake mwenyewe, ya mbao, ya valvu, kubwa kama sanduku la mikate. Kila siku saa saba kasoro dakika tano alikuwa anaiwasha ili ipate joto, na saa saba kamili karakana nzima inanyamaza kwa ajili ya habari. Hata mteja aliyeingia wakati huo alisubiri. Mzee alikula chakula chake taratibu akiwa ameipa mgongo, kichwa kimeinama upande mmoja, na hakuna aliyethubutu kuhamisha stesheni.

Mwaka wangu wa pili ndipo alipokuja Mzee Anaeli.

Aliingia na gitaa la umeme, jekundu, limefungwa kwenye shuka. Nikamwamkia, "Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Fundi yupo?"

"Ndiye mimi."

Akaangalia nyuma yangu, akaangalia pembeni, labda fundi mwanamume amejificha. Lyimo akaangua kicheko. Mzee Anaeli akaona haya, akaniwekea gitaa mezani kwa mikono miwili kama mtu anayemlaza mtoto.

Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi juu mlimani, na tangu ujanani alikuwa anapiga gitaa kwenye kwaya ya usharika wao. Usharika huo sitautaja jina. Marafiki wa mbali walikuwa wamewaletea mashine mpya ya sauti, ile mixa yenye vitufe vingi, na spika mbili ndefu, pamoja na kinanda. Vyote vilisikika vizuri isipokuwa gitaa.

"Linazama," alisema. "Nikilipiga nyumbani kwenye kispika changu kidogo, linaimba. Nikilichomeka kwenye ile mashine, linazama. Kina mama wakianza tu kuimba, mimi sipo."

"Mwalimu wa kwaya anasemaje?"

"Amesema tuangalie mpaka Sikukuu ya Mavuno. Kama bado halisikiki, kinanda kinatosha. Mimi nitakaa benchi na wazee wenzangu."

"Si utapumzika, Mzee?" Lyimo aliuliza, bila nia mbaya.

Mzee Anaeli aliangalia mikono yake. "Kwenye benchi," alisema, "sijui hii mikono nitaifanyia nini."

Sikukuu ilikuwa imebaki wiki nne. Nikasema moyoni, hili gitaa litasikika hata kama ni jambo la mwisho nitakalofanya hapa Kaloleni.

Nilianza pale ambapo kila fundi mwenye haraka huanza, yaani kwenye kitu kilichopo mezani. Nilibadilisha nyuzi. Nilisafisha jeki, lile tundu la kuchomekea waya. Nilifumua pikapu, ile sumaku yenye waya mwembamba kama unywele inayokaa chini ya nyuzi, nikaisuka upya kwa siku mbili huku nahesabu mizunguko na kumfokea Lyimo asinisemeshe. Nikalichomeka kwenye amplifaya yetu. Liliimba hata wauza vitambaa wa jirani wakachungulia mlangoni. Mzee Anaeli akaondoka anatabasamu, na Jumatatu iliyofuata akarudi na shuka lake. Linazama.

Nikabadilisha vitufe vya sauti. Nikaunga upya kila waya. Liliimba tena karakanani, na Jumatatu akarudi tena, na mara hii hakulalamika, alilaza tu gitaa mezani akauliza habari za nyumbani. Kule kutolalamika kulinitesa kuliko matusi. Zilikuwa zimebaki wiki mbili.

Mzee Zefania akasimama mezani kwangu. Nikajua nimekosea, sikujua wapi.

"Umelisikia wapi?"

"Hapa, Mzee."

"Linaugulia wapi?"

"Kanisani."

Akaendelea na safari yake ya kwenda kuchukua risasi ya kulehemu. Hiyo ndiyo ilikuwa semina yote.

Jumapili nikapanda. Ulikuwa msimu wa matope, na ile njia ya kupita katikati ya migomba ilinitelezesha mara mbili, nikaingia ibadani na gauni lenye ramani nyuma. Lakini nilipoinua macho tu, nikaona. Mzee Anaeli alikuwa amekaa mbele, upande wa kushoto wa madhabahu. Mixa ilikuwa nyuma kabisa, karibu na mlango. Waya wa gitaa ulitoka kwake, ukapanda ukutani, ukazunguka juu ya madirisha yote, ukashuka nyuma, na njiani ulikuwa umeungwa mara mbili kwa gundi ya karatasi. Halafu uliingia kwenye tundu la mixa lililotengenezwa kupokea mashine zenye nguvu kama kinanda. Gitaa lilipoanza lilikuwa kama mtu anayeimba amejifunika blanketi usoni. Yule mgonjwa niliyemtibu mara mbili hakuwa na ugonjwa wowote.

Jumatatu nilimweleza Mzee Zefania. Akachomoa penseli, akachora mstari kwenye kipande cha boksi.

"Kwenu mna mfereji?"

"Tunao."

"Maji yakitoka kwenye chanzo ni mengi?"

"Ni mengi."

"Shamba la mwisho linapata nini?"

"Tope, Mzee. Tukibahatika."

"Ndiyo hilo gitaa. Chanzo chake ni kidogo. Waya mrefu unakunywa, na mixa inavuta kwa pupa. Kinachonywewa kwanza ni ule ung'avu wa juu." Akachora kisanduku kidogo karibu kabisa na gitaa. "Weka mpokeaji hapa, mguuni pake. Achukue kwa gitaa kidogo sana, karibu na bure. Halafu asukume kwa nguvu zake mwenyewe mpaka nyuma."

Nawaandikia haya kwa kirefu kwa sababu mpaka leo vijana wa bendi za hotelini wanawaletea visanduku vya namna hii wakiamini vinaongeza sauti. Haviongezi. Ukipima kwa mita, kinachotoka ni kidogo kuliko kilichoingia. Kazi yake ni kulinda kile ambacho gitaa limekwisha kusema ili kifike kilivyo. Na kikiwa cha valvu, kinaongeza kitu kimoja ambacho sijawahi kukisoma vizuri kwenye kitabu: kona kali za sauti zinalainika, na noti inakuwa na nyama.

Transista ingeweza kufanya kazi hiyo, Mzee alisema hivyo mwenyewe. Lakini zilizokuwepo madukani wiki hiyo zilikuwa zinachemka kwa kelele kama sufuria ya maharage. Valvu mpya hazikuwepo mjini. Nilizunguka maduka yote, nikarudi mikono mitupu, na zilikuwa zimebaki siku sita.

Mzee Zefania alimaliza kula. Akazima redio yake, akangoja ipoe, akaishusha kutoka kwenye rafu na kuigeuza mgongo.

Lyimo akasimama. "Mzee! Na habari za saa saba?"

"Nitaambiwa."

Alichomoa valvu moja ndogo ya miguu tisa, akaifuta kwa kitambaa, akaigonga polepole kwa kitako cha penseli kusikia kama ina mlio ndani. Kisha akafungua na transfoma, kwa kuwa valvu bila umeme wake ni pambo tu. Akaniwekea vyote mezani, akarudisha lile sanduku tupu la mbao mahali pake juu ya rafu. Kesho yake saa saba karakana ilinyamaza kama kawaida. Tulikula kimya, wote watatu, hatuna cha kusikiliza, na hakuna aliyecheka. Nimefanya kazi na watu wengi wenye akili, lakini yule ndiye aliyenionyesha fundi ana tofauti gani na mtu mwenye vifaa.

Nilijenga kile kisanduku kwa siku tano. Bati nilikatiwa na kukunjiwa na mafundi bati wa soko la Kilombero, nikatoboa matundu ya kupitisha joto. Nyaya za kuwasha valvu nilizisokota pamoja, mnavyofanya ninyi, zisilete mvumo. Mkono wa kushoto ulikaa mfukoni. Waya wa kwenda ukutani niliukata kwenye redio kaseti mbovu, waya mwembamba wa nyuzi mbili, plagi ya meno mawili, kama tulivyokuwa tunafanya kwenye kila redio tangu nianze kazi. Mnajua soketi zetu: tundu la juu lisipoingizwa kitu, yale mawili ya chini hayafunguki. Basi kila nyumba ilikuwa na kijiti chake cha kuchomeka juu. Cha kanisani kilikuwa cha mti wa mkahawa, kimechongwa vizuri na mtunza kanisa, kinatunzwa dirishani. Nikaandika ndani ya mfuniko kwa herufi kubwa za mtu anayejipenda: ELINAIKE. NIMEKITENGENEZA CHOTE.

Sikukuu ya Mavuno ilifika. Mbele ya madhabahu kulikuwa na mikungu ya ndizi, maboga, madebe ya mahindi na kondoo mmoja aliyekuwa anajibu kila sala. Kisanduku kilikaa chini ya kiti cha Mzee Anaeli, na kupitia matundu niliona ile rangi ya chungwa ya valvu ikiamka. Mzee Zefania alikuja pia, amevaa suti, amekaa safu ya tatu. Mwalimu wa kwaya alikuwa amesimama na mkono mmoja tayari umeelekea kwenye kinanda.

Mzee Anaeli akapiga noti nne za kuanzia.

Kina mama wa sauti ya kwanza waligeuka wote kumwangalia. Gitaa lilikuwa limekuja mbele likasimama katikati yao, zito chini, jeupe juu, kila uzi unajitegemea. Mwalimu wa kwaya alishusha ule mkono wa kinanda, akauacha chini wimbo mzima. Mzee Anaeli hakuinua uso, alikuwa anaiangalia mikono yake kama mtu aliyekutana na jamaa zake stendi. Mimi nililia, wala sioni aibu kuandika hivyo. Kondoo naye alinyamaza.

Nje watu walinipa mikono. Nilikuwa namngoja mtu mmoja. Mzee Zefania akatoka, akaja moja kwa moja, akasimama mbele yangu. Nikajua leo nitasemwa kwa uzuri.

"Ule waya wa umeme umeutoa wapi?"

"Kwenye ile redio kaseti mbovu, Mzee."

"Ahaa," akasema, akaenda kunywa chai.

Niliumia. Alikuwa bahili wa nyaya, anaokota hata vipande vya kidole kimoja sakafuni, nikaamua ni ubahili huo. Nilimwambia Lyimo kwamba yule mzee mahali pa moyo ana transfoma.

Jumanne ya wiki ya pili yake alikuja na kipande cha boksi kimeandikwa kwa wino mweusi: CHOMBO CHA BATI, NYAYA TATU. Akakipigilia ukutani, akatukalisha. Redio zetu ni za mbao na plastiki, alisema, mkono wa mtu haugusi chuma, ndiyo maana tumezoea nyaya mbili. Lakini chombo cha bati kikivuja umeme kwa ndani, bati lote linakuwa umeme. Na gitaa ni baya zaidi, kwa sababu nyuzi zake zimeungwa kwenye bati hilo hilo. Mpigaji anakuwa amelishika kwa mikono miwili ibada nzima. Waya wa tatu unaupeleka umeme ardhini, fyuzi inakatika, mtu anabaki. Kisha akapita mezani akikusanya vijiti vyetu vyote vya soketi, akavitia kwenye jiko la chai.

Wiki hiyo Lyimo alikuwa ametoa amplifaya ya bati yenye nyaya mbili, kila mtu aliiona, na yeye mwenyewe akainamisha kichwa. Mimi nilifikiria kisanduku changu chini ya kile kiti. Nilimwona Mzee Anaeli na mikono yake miwili. Jumapili nilipanda mlima karibu kwa kukimbia, nikakuta kisanduku kina waya mnene, mpya, plagi ya meno matatu.

"Ule wa kwanza panya waliutafuna," Mzee Anaeli aliniambia. "Kuna fundi akanibadilishia."

"Fundi gani?"

"Fundi tu, mwanangu."

Nilipima kwa mita kutoka nje, bati na jino la juu la plagi, mita ikalia. Salama. Sikufungua. Ibada ilikuwa inaanza, na kusema kweli sikutaka kuona fundi mwingine amefanya nini ndani ya kazi yangu. Niliwashukuru panya, nikashuka, nikanyamaza. Ile kanuni ya ukutani nikaibatiza Kanuni ya Lyimo. Ninyi mmeikuta inaitwa hivyo, na kila mtu mpya amesimuliwa jinsi Lyimo alivyotaka kumuua mteja kwa amplifaya. Lyimo alicheka na sisi mpaka alipohamia Moshi.

Miaka ikaenda. Mzee Zefania alistaafu, tukamzika miaka kadhaa baadaye kule kwao, na penseli yake ikazikwa naye kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuitoa mfukoni. Redio zikageuka simu. Zikaja amplifaya ambazo hazifunguki, mixa zenye skrini, na wateja wanaosema "mama, we badilisha tu bodi". Halafu vijana wa studio za Sakina na Njiro wakaanza kuulizia sauti ya valvu, ile ile tuliyoitupa, na nikajikuta mtu wa maana tena. Wote niliwaambia yale yale: kisanduku kikae karibu na chombo, siyo karibu na mixa, gitaa bovu halitibiwi na valvu, na kabla ya kununua chochote nenda ukasikilize pale linapougulia. Wakinibishia, nilikuwa na jibu. Kuna kisanduku nilikijenga kikiwa kitu changu cha kwanza, kiko mlimani, kinapigwa kila Jumapili, na hakijawahi kurudi karakanani. Fundi anajisifia kazi isiyorudi.

Mwezi wangu wa mwisho kazini, kikarudi.

Alikileta Upendo, mjukuu wa Mzee Anaeli. Babu yake alipiga gitaa kwenye kwaya mpaka mwaka aliofariki, na sasa lile jekundu analipiga yeye. "Shikamoo mama. Tangu Jumapili hakiwaki," alisema. Kelvin alikuwa ametoka kwenda kununua chapati, na nilimshukuru Mungu kwa chapati hizo, kwa kuwa angenicheka mpaka siku ya keki.

Nilifungua skrubu nne. Swichi tu, imechoka. Nikageuza mfuniko niandike, na pale chini ya herufi zangu kubwa kulikuwa na mwandiko mwingine, mdogo, umesimama wima, umefunikwa na masizi ya joto. Nikapangusa kwa kidole gumba.

*Hakikuwa na waya wa ardhi. Nimeweka, na fyuzi. Zefania.*

Niliusoma mara nyingi kuliko urefu wake. Lile swali la waya nje ya kanisa halikuwa ubahili. Alikuwa ameona kijiti cha mkahawa kwenye soketi, ameona watu wananishika mikono, akachagua kuuliza jambo moja na kwenda kunywa chai. Na kanuni ya ukutani ilikuwa yangu. Aliitundika bila jina, akaniacha nimtupie Lyimo.

"Kimeharibika sana, mama?" Upendo aliuliza.

"Hapana. Babu yako aliwahi kukwambia kuhusu panya waliotafuna waya?"

Akacheka. "Panya wa kisanduku! Babu alikuwa anasema alikuwa mmoja tu. Alikuja Jumamosi asubuhi kwa miguu, mvua inanyesha, amevaa koti la kaki, penseli sikioni. Akamwapisha babu asimwambie yule binti fundi."

"Kwa nini asiniambie?"

"Eti angeanza kuogopa bati."

Niliwahi kuwaambia kwamba sijui kwa nini nilibaki na kazi hii wakati wenzangu wa chuo waliiacha. Sasa najua, na si mimi niliyefanya uamuzi huo peke yangu. Kama Jumatatu ile angenisimamisha mbele ya Lyimo na kuniambia ningeweza kumuua mzee wa watu katikati ya wimbo, nisingeshika tena bisibisi. Alipanda mlima, akaokoa ile mikono ya Mzee Anaeli na yangu pia, akashuka, Jumatatu akaja kazini kula chakula bila redio.

Kwa hiyo nawaomba mambo mawili. Lyimo nimempigia simu Moshi, nimemwambia yote. Ameuliza kama anaweza kudai keki yangu. Lakini pale ukutani jina lake liondoeni, wekeni langu. La pili, mtakapofungua chombo cha mwenzenu mkakuta kosa, kumbukeni kuna njia zaidi ya moja ya kulirekebisha.

Nilibadilisha swichi, nikaiandika, nikawa nafunga. Ndipo nikaona masizi yamebaki pembeni, na chini yake mstari mwingine wa penseli, wa mtu ambaye miaka yote nilimngoja asimame mezani kwangu aniseme kwa uzuri. Nikapangusa tena.

*Sauti sijaigusa. Ni nzuri.*